Miaka Thelathini na Mitatu ya Bibi Subiri kwenye Chumba cha Rangi

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mpaka rangi wetu mkuu atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Siku alizolala kwa ugonjwa katika muda wote huo zinahesabika kwa vidole. Siku alizochelewa kazini ni mbili tu, na moja kati ya hizo alikuwa anatoka kumzika mama yake.

Kwa wasioijua kazi yake, ni hivi. Chuma cha injini kinachokaa karibu na moto hakipakwi rangi ya ukutani. Ukikipaka hiyo, injini ikinguruma dakika kumi rangi inavimba malengelenge na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Panatakiwa enameli inayostahimili joto, na enameli hiyo haina mjomba. Inapulizwa tabaka jembamba, linaachwa likauke, linafuata la pili, kisha la tatu. Halafu chuma kinaingia tanurini na kupandishiwa moto kwa ngazi: nyuzi mia na ishirini, mia mbili, mia tatu, na kila ngazi kinapumzishwa. Ukiruka ngazi moja, umepoteza siku nzima.

Wafunga injini ni watu wa haraka. Tangu zamani wamekuwa wakichungulia kwenye mlango wa chumba cha rangi kuuliza kama chuma chao tayari, na tangu zamani jibu limekuwa neno moja. Ndiyo maana akaitwa Dada Subiri. Miaka ikaenda, akawa Mama Subiri. Sasa vijana wanamwita Bibi Subiri. Hicho ndicho cheo pekee katika karakana hii kilichokuwa kikipanda bila barua ya utawala.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na saba, mfagiaji. Mpaka rangi wa wakati huo alikuwa mzee asiyependa maswali, lakini huyu mfagiaji alikuwa akiinama kuzoa vumbi huku anauliza: kwa nini hiki kimetoa mapovu, na kile hakikutoa? Siku moja mzee akachoka kumjibu, akamshikisha bomba la kupulizia rangi na kumwambia ajaribu mwenyewe. Wapo waliosema mwanamke na kompresa wapi na wapi. Haikupita miaka mitatu, walewale wakawa wanamletea kwa siri ekzosi za pikipiki zao.

Ana vituko vyake. Kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, akina mama walimzunguka kutaka kujua ni saluni gani iliyompaka kucha rangi ya fedha nzuri kiasi kile. Aliwaambia ni saluni ya wanaume watupu, na huduma yao si nzuri. Mara nyingine fundi wa umeme alipasha chakula chake kwenye tanuri la rangi, akala nusu, akalalamika kwamba mkewe siku hizi hajui kupika. Bibi Subiri hakumwambia kitu. Alimwacha aende nyumbani akagombane.

Utawala uliniomba ukurasa mmoja wa mambo kama hayo. Nilipomwambia mwenyewe, alikataa. Alisema kama wasifu wake hautataja kisa cha kinu, basi nisiuandike, na keki ya kumuaga wale bila yeye. Kwa hiyo nimeandika. Ameshausoma, ila sehemu ya mwisho niliyoiongeza wiki hii. Ameondoa mambo mawili ya kumsifu, na hakuondoa hata moja la kumlaumu. Meneja naye ameusoma, akakaa nao siku tatu, akaurudisha bila kuweka alama.

Miaka kumi na moja iliyopita kijana mmoja alikuja hapa na injini ya petroli iliyotolewa kwenye pikapu kuukuu. Alikuwa amefungua kinu cha kusaga nafaka, na injini ile ndiyo ingeendesha mashine. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mke, na watoto wawili. Alikuwa mcheshi. Kwa wiki mbili alikuja kila siku kutazama injini yake kama mtu anayemtazama mgonjwa wodini, na mafundi wakawa wanamtania kwamba saa za kuwaona wagonjwa zimekwisha.

Injini ilifumuliwa na kufanyiwa kazi vizuri. Kikabaki chuma kimoja: kile kinachopokea moshi kwenye mitungi ya injini na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Mafundi tunakiita manifodi. Kilioshwa kwenye tangi la magadi, kikapigwa mchanga kwa upepo wa kompresa kikawa cheupe, kikapelekwa chumba cha rangi. Kijana alikuwa anasubiri getini na gari la kukodi, limeshageuzwa kuelekea barabarani.

Bibi Subiri alikigeuza kile chuma mikononi, akaona karibu na tundu la bolti ya tatu mstari mwembamba kama unywele. Akamwita msimamizi.

“Hiyo ni alama ya kumwagia chuma,” msimamizi akasema. “Kilitoka nayo kiwandani.”

“Nipe nusu saa nikipime.”

“Mteja yuko getini tangu asubuhi. Paka.”

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Unapaka mafuta ya taa, unayafuta mpaka chuma kikauke, kisha unapaka unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Nusu saa tu. Yeye ambaye aliwafundisha watu wazima neno subiri, siku ile hakusubiri. Alipaka tabaka tatu, akakioka kwa ngazi zote, na kikatoka kizuri, cheusi, hakina doa. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakumtaja mtu anayeuziba ufa kwa rangi.

Injini ilikwenda kinuni, ikasaga siku kumi na tisa. Katika siku mbili za mwisho mke wa msagaji aliusikia mlio mdogo, tiki tiki tiki, ambao haukuwepo mwanzo. Mumewe alimwambia Jumatatu ataipeleka ikaangaliwe. Jumamosi asubuhi ikanyesha mvua ya upepo. Maji yalikuwa yanaingia yakilowesha unga wa watu, basi msagaji akafunga madirisha yote mawili na mlango, akaendelea kusaga. Mkewe alikuwa upande wa nyumba anawakaangia watoto wao kifungua kinywa. Alichogundua ni kwamba mashine inanguruma tupu, haina nafaka ndani, na hakuna anayeizima. Alipofungua mlango mumewe alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea magunia, kama mtu aliyepumzika.

Moshi wa petroli una sumu isiyonuka wala kuonekana. Ufa ulikuwa umefunguka kwa joto, na rangi iliyokuwa juu yake imepasuka kwa urefu uleule.

Kamati ya uchunguzi iliketi kwenye ofisi ya meneja wa wakati ule. Msimamizi alieleza kwamba chuma kilitoka hapa kikiwa kizima, kikapasuka huko kwa kufanyishwa kazi kupita kiasi, na kwamba marehemu alifunga madirisha mwenyewe. Yote mawili yaliandikwa. Maelezo hayo yaliwafaa watu wengi, na mambo yangeishia pale. Ndipo akaitwa mpaka rangi, akitarajiwa kusema hana la kuongeza.

“Ufa niliuona kabla sijapaka,” akasema. “Nikapaka.”

Mwenyekiti akamuuliza kama anaelewa anachokisema. Akajibu anaelewa. Akaulizwa kama kuna aliyemwamuru. Akasema ndiyo, msimamizi, lakini mkono uliopaka ni wake. Akaulizwa kama kuna mwingine aliyeuona ufa ule.

“Mimi najisemea mimi,” akajibu.

Msimamizi alihamishiwa tawi jingine na cheo chake kilekile. Bibi Subiri alipewa barua ya kurasa mbili na kuondolewa kwenye rangi. Akapelekwa kwenye tangi la magadi, kazi ya kuosha vyuma, ambayo hapa petu wanapewa wageni na watu wa adhabu. Magadi yanakula glavu, na glavu zikiisha yanakula vidole. Alikaa huko miaka minne.

Lakini kabla hajaanza adhabu hiyo alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Jumapili moja alikwenda kinuni peke yake. Alimkuta mjane anafua magunia uani, akajitambulisha, akamweleza kila kitu akiwa amesimama. Mjane aliendelea kufua mpaka akamaliza kusikia. Kisha akasema:

“Walikuja watu wa ofisi wakaniambia ni bahati mbaya. Nikaipokea. Nilikuwa nalala na bahati mbaya. Sasa wewe umeniletea mtu.”

Bibi Subiri akasema alidhani ana haki ya kujua.

“Haki yangu, au mzigo wako? Umekuja kuutua kwangu? Mimi nimejaa. Nenda.”

Akaenda. Ananiambia kwamba mpaka leo hajui kama siku ile alitenda jema au baya. Anachojua ni kwamba alipofika nyumbani hakuwa amepunguziwa chochote. Mzigo ulikuwa pale pale, na sasa walikuwa wawili wanaoubeba.

Kwenye tangi la magadi kila chuma cha karakana kinapita uchi, hakina masizi, hakina rangi. Siku ya kwanza tu alikuja na chupa ya mafuta ya taa na pakiti ya chaki aliyoitoa kwa mjukuu wa jirani. Kila alichokiosha alikipima. Akiona mstari, anauzungushia duara na kukitenga. Wafunga injini walinung'unika kwamba mwanamke huyu ameondolewa mlangoni karudi dirishani. Kwa miaka minne alitenga vyuma mia moja na tisa. Sijui vingapi kati ya hivyo vingeua mtu. Pengine hakuna. Pengine vitatu. Mwaka wa tano utawala ukafanya kipimo cha chaki kuwa sheria, ukaiandika kwenye ubao unaoning'inia pale stoo, na kumrudisha yeye kwenye chumba cha rangi. Jina lake halimo kwenye ubao.

Mwaka wa sita likaingia lori na injini nyingine, na nyuma yake akashuka mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani. Karani wa mapokezi alikuwa mgeni, hakumjua. Alimkaribisha vizuri akamuuliza shida yake.

“Yule mama aliyepaka ile ya kwanza yupo bado?”

Karani aliingia ndani kuuliza, akarudi uso umembadilika. Akamwambia kwa upole kwamba karakana ina wapaka rangi wengine wazuri, vijana, na kwamba anaweza kuchagua.

“Wengine hawajui,” mjane akasema. “Yeye anajua.”

Mjane alikuwa amekiendesha kinu mwenyewe muda wote ule, kwa injini ya kuazima na ya kubahatisha, kwa sababu watoto hawali huzuni. Kwa siku mbili alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha rangi, mkoba mapajani, hali wala hanywi chetu. Karakana nzima ilikuwa inapita pale kwa vidole vya miguu. Bibi Subiri alikipima chuma kwa chaki mara ya kwanza, hakukuwa na mstari. Akakipima mara ya pili. Mara ya tatu alifungua mlango, akamwita mjane aje aone. Wakasimama bega kwa bega wakiitazama chaki ikikauka. Ilibaki nyeupe. Mjane akapitisha kidole chake juu ya chuma chote, taratibu, mwanzo hadi mwisho, kama mtu asomaye.

“Paka,” akasema, akarudi kwenye benchi.

Injini ilipowashwa uani alisimama karibu nayo saa nzima akiisikiliza, huku mafundi wanne wameinamisha vichwa. Kisha akaipakia, akaondoka. Hakuaga. Tangu hapo imeletwa mara mbili, na kila mara neno lake mapokezini ni hilohilo.

Watu wa nje wakisikia habari hii husema, basi alimsamehe. Nawaomba msiseme hivyo mbele ya Bibi Subiri. Yeye hajawahi kulitumia neno hilo, na mjane hajawahi kulitoa.

Sasa linabaki jambo langu. Mimi ninayeandika hapa ndiye mpiga mchanga wa karakana hii, mwaka wa ishirini na sita sasa. Manifodi ya msagaji ilipita kwangu kabla haijafika chumba cha rangi. Niliupitishia ukucha ule mstari. Ukucha ukakwama. Alama ya kiwandani haikwamishi ukucha, na mimi nalijua hilo kama ninavyolijua jina la baba yangu. Niliiweka manifodi kwenye toroli, nikaisukuma kwenda chumba cha rangi, nikaenda kula. Kamati ilipoketi nilikuwa nje ya mlango. Sikuitwa, nikamshukuru Mungu kwamba sikuitwa. Kwa miaka minne nilimwona mwenzangu akikohoa juu ya magadi, vidole vimechubuka, nikawa najiambia kwamba mimi nilikuwa wa kupiga mchanga tu, kukagua si kazi yangu.

Mwanzoni mwa mwezi huu tuliketi naye wakati wa chai ili anisimulie maisha yake. Tulipofika hapo kwenye manifodi nikashindwa kuandika. Nikamwambia.

Akanywa chai yake. “Nilijua,” akasema. “Mchanga wako unakiacha chuma cheupe kama unga. Ukucha wako ulikuwa umeacha mchirizi, umekatisha ule mwingine.”

“Na kwenye kamati hukusema.”

“Niliulizwa, nikasema la kwangu. La kwako halikuwa langu kulisema.”

“Miaka kumi na moja tunakunywa chai pamoja.”

“Ndiyo,” akasema. “Na miaka kumi na moja ulikuwa unaniwekea sukari bila kuulizwa. Nikajua hujasahau.”

Nikamuuliza nifanye nini. Alinitazama kama anavyowatazama wafunga injini wakichungulia mlangoni, ila safari hii hakutoa lile neno lake.

“Si umepewa kazi ya kuandika? Andika. Na kabla hujaandika, nenda kinuni kwa mwenyewe. Asije akalisoma kwenye karatasi.”

Jumapili iliyopita nilikwenda. Mwanawe mkubwa ndiye aliyenifungulia, kijana mrefu sasa, sura ya baba yake. Sikukaribishwa kuketi, wala sikustahili. Nilisema niliyokwenda kuyasema. Mjane alisikiliza mikono imejaa unga, kinu kikinguruma nyuma yake, madirisha yote wazi. Nilidhani atanifukuza.

“Wawili, basi,” akasema hatimaye, kama mtu anayesahihisha hesabu. Kisha akauliza, “Yule mama anastaafu lini?”

Nikamwambia tarehe thelathini.

“Mwambie injini naileta Jumanne. Aifanye kabla hajaondoka.”

Ililetwa Jumanne. Nimeipiga mchanga mimi, kwa ombi la mjane mwenyewe, naye amesimama nyuma yangu. Nilipomaliza nilipitisha ukucha kila mahali, mbele yake, na ukucha haukukwama. Ninapomaliza kuandika haya manifodi iko mezani kwa Bibi Subiri, imekauka tabaka la pili, na mjane yuko kwenye benchi. Itaingia tanurini leo mchana na kutoka jioni. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho itakayoandikwa kwa jina la mpaka rangi wetu mkuu.

Kuanzia Jumatatu chumba chake kinachukuliwa na binti aliyefundishwa naye kwa miaka mitatu. Bibi Subiri anahamia kwa kaka yake mkubwa, ambako anasema atakaa mwezi mzima bila kufanya chochote, na kaka yake anasema hilo ataliamini akiliona. Kifua si kizuri. Daktari amempa dawa za miezi sita na kumkataza kukaribia rangi, katazo lililokuja miaka thelathini na mitatu baadaye.

Dada yetu, kwa niaba ya mafundi, makarani, madereva na walinzi wa karakana hii, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kila chuma ulichokipaka, na zaidi kwa vile mia moja na tisa ulivyokataa vipakwe. Mimi binafsi nakushukuru kwa kunyamaza, na kwa kuacha kuninyamazia. Mungu akupe kifua chepesi, vidole vipone, na nyumba yenye watu wanaokupenda. Uishi vema, uishi sana.